Namna ya Kuisoma Ankara ya Intaneti: Mwongozo kwa Mwenye Biashara wa Bomang'ombe

Mwenye kusimama penye njia panda ya Bomang'ombe, pale ambapo barabara ya Sanya Juu inaachana na barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, ataona kwamba biashara za mji huu, ambazo zamani zilitosheka na daftari moja na kalamu nyuma ya sikio, leo haziendi ila kwa intaneti: wakala wa safari anangoja jibu la wageni watakaoshuka uwanja wa ndege wa KIA, mwenye nyumba ya kulala wageni anapokea maombi ya vyumba ya wale wanaotaka kwenda kuoga chemchemi za Chemka, na mwenye steshenari anawajazia vijana fomu za vyuo huku foleni ikimngoja mlangoni. Hata Mlima Kilimanjaro wenyewe haukusalimika, maana Agosti 2022 shirika la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kabla mwaka haujaisha ikafika Kilele cha Uhuru. Kilichokuwa anasa kimekuwa faradhi ya kazi. Faradhi ina gharama, gharama ina ankara, na ankara ndiyo maudhui ya mwongozo huu.

Sikuuandika kwa kusoma vitabu tu. Nina duka dogo la steshenari, na kwa muda mrefu nililipa ankara ya intaneti kama mtu anayemeza dawa, yaani kwa haraka na macho yamefumbwa, hadi mwezi mmoja nilipoona jumla imepanda ilhali kifurushi hakikubadilika, wala kasi haikuongezeka. Nikavaa miwani, nikashuka mstari kwa mstari, nikakuta chini ya bei ya huduma maneno ambayo sikupata kuyaona: "ada ya marejesho ya kodi". Nikapiga simu.

"Shikamoo, mzee," akasema binti aliyepokea.

"Marahaba, mwanangu. Hii ada ya marejesho ya kodi ni kitu gani?"

"Hiyo ni kodi ya serikali, mzee. Hata sisi tunakatwa."

Nilishukuru, nikaweka simu, na sikufika mbali kabla maneno yale ya mwisho hayajanirudia. Ikiwa wao ndio wanaokatwa, basi kodi ile ni yao. Na ikiwa ni yao, kwa nini iandikwe katika karatasi yangu kwa jina la serikali?

Mashahidi wawili

Bomang'ombe ni jina la mji wetu, na jina lenyewe linatutajia ng'ombe. Basi na tuchukue mfano mnadani. Umepatana na muuzaji bei ya fahali, mkapeana mikono, ukalipa ushuru wa mnada na kupewa risiti ya halmashauri: hapo hakuna manung'uniko, kwa kuwa bei mmepatana na ushuru umewekwa na mamlaka inayotambulikana. Lakini kama muuzaji angekufuata njiani akadai umlipie pia ushuru alioulipa yeye mwaka jana kwa zizi lake, ungemwuliza kama yu mzima. Si kwamba ushuru ule ni wa uongo. Yamkini aliulipa kweli. Ila ulikuwa mzigo wake, na kama alitaka kuutua mgongoni mwako, mahali pa kuutua palikuwa ndani ya bei, kabla hamjapeana mikono.

Katika mfano huo mna kanuni ambayo kwayo kila ankara hupimwa: kila mstari unaokudai fedha sharti uwe na shahidi, na mashahidi wanaokubalika ni wawili tu, sheria na mkataba. Kodi shahidi wake ni sheria, nayo ina jina, kiwango, na mamlaka inayoipokea. Anayeitoza ni mshika amana, anaipokea kwako ili aifikishe kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ada shahidi wake ni mkataba ulioutia sahihi, nayo ni mali ya kampuni. Mstari usiokuwa na shahidi kati ya hawa wawili ni dai tupu, hata ukiandikwa kwa wino mzito na kupambwa kwa jina lenye haiba ya kiserikali.

Wala usidhani kwamba kodi isiyopendwa ni sawa na kodi isiyo na shahidi. Mwaka 2013 iliwekwa kisheria tozo ya Sh 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu, wananchi wakalia, ikaondolewa. Na Julai 2021 zikaanza tozo za miamala ya simu, wananchi wakalia tena, zikapunguzwa mwaka huo huo. Tozo hizo zilikuwa chungu, lakini zilikuwa na jina na kiwango katika sheria, na ndiyo maana watu walipata mahali pa kuzishika na kuzitikisa. Ada iliyovaa kanzu ya kodi haina mshiko huo: ukienda serikalini hawaijui, ukienda kwa kampuni wanakuelekeza serikalini.

Kodi mbili za halali, na hesabu yake

Katika Tanzania Bara, huduma ya intaneti hubeba kodi mbili zinazoonekana katika ankara. Ya kwanza ni ushuru wa bidhaa, ambao licha ya jina lake hutozwa pia katika huduma za mawasiliano ya kielektroniki, kwa kiwango cha asilimia 17. Ya pili ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Wengi hujumlisha 17 na 18 wakapata 35, kisha wakishaona ankara imezidi hapo hudhani wameibiwa. Hawakuibiwa, walikosea hesabu. VAT haitozwi juu ya bei tupu, bali juu ya bei iliyokwisha kubeba ushuru wa bidhaa, na kwa hiyo kodi mbili hizi zikipandana huleta nyongeza ya asilimia 38.06.

Twaa kalamu tuhesabu pamoja. Kifurushi ni Sh 150,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Ushuru wa asilimia 17 ni Sh 25,500, jumla inakuwa Sh 175,500. VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo ni Sh 31,590, na jumla ya mwisho ni Sh 207,090. Ukitaka njia ya mkato, zidisha bei ya kabla ya kodi kwa 1.3806, nawe utapata jumla ile ile. Andika tarakimu hiyo katika jalada la daftari lako, maana itakufaa kila mwezi.

Sasa tia ndani ile ada niliyoikuta mimi, ambayo ilikuwa Sh 7,500. Bei inakuwa Sh 157,500. Ushuru wa bidhaa Sh 26,775. VAT Sh 33,169.50, na jumla Sh 217,444.50. Angalia ilivyozaa: ada iliyojitangaza kuwa 7,500 imenidai Sh 10,354.50, kwa sababu kampuni iliihesabu kama sehemu ya bei ya huduma, na kodi zote mbili zikaipanda mgongoni. Kwa miezi 12 ni Sh 124,254. Jambo lililojiita marejesho ya kodi limekuwa lenyewe chimbuko la kodi nyingine!

Viwango hivi si vya milele. Hotuba ya bajeti husomwa Dodoma mwezi Juni, na Sheria ya Fedha ya mwaka aghalabu huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kila mwaka itwae ankara ya Juni na ile ya Julai, uzilaze mezani ubavu kwa ubavu, na kila kilichobadilika ukitafutie sababu. Ikiwa kampuni inasema kodi imepanda, na ipandishe kwa kutaja sheria ya mwaka gani.

Majina ya kuangaliwa kwa hadhari

Yako majina ambayo msomaji akiyaona yampasa kusimama. La kwanza ni hilo la marejesho ya kodi na jamaa zake: ada ya udhibiti, ada ya leseni, mchango wa mfuko wa mawasiliano. Ni kweli kwamba kampuni za mawasiliano zina mizigo yao: hulipa leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, huchangia kutokana na mapato yao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, na hulipa kodi ya mapato kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Lakini gharama hizo ni za kampuni, kama vile kodi ya pango la duka langu ilivyo yangu. Nikimchapia mwanafunzi kurasa kumi simwandikii chini ya risiti "marejesho ya pango". Naiingiza katika bei ya ukurasa, naye akiona ghali huvuka barabara kwa jirani yangu.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Nchini Marekani, ambako wateja kwa miaka walilalamika kuvutwa kwa bei ndogo ya tangazo na kulipishwa kubwa ya ankara, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliwalazimisha watoa huduma wakubwa wa intaneti, kuanzia 10 Aprili 2024, waweke lebo inayoonyesha bei na ada zote kabla ya mteja kununua, mfano wa lebo iliyo juu ya kopo la chakula.

La pili ni kodi ya kifaa. Ruta na antena iliyo juu ya bati mara nyingine ni mali ya kampuni na unaikodi, mara nyingine umekwisha kuinunua. Nimewaona watu wawili wa mtaa mmoja, mmoja akilipa kila mwezi kwa kifaa alichokinunua siku ya kwanza. Uliza, na jibu litiwe katika maandishi.

La tatu ni fedha ya kigeni. Ilikuwa desturi ya baadhi ya watoa huduma kuandika bei kwa dola na kudai shilingi kwa kiwango wanachokijua wao, kiasi kwamba ankara ilipanda na kushuka kama mawingu ya Kibo. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza au kudai bei kwa fedha ya kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini, isipokuwa kwa mambo yaliyoachiliwa na kanuni zenyewe. Basi bei yako na iwe shilingi, tangu mkataba hadi risiti.

La nne ni ada ya kurudishiwa huduma baada ya kukatwa kwa kuchelewa. Hiyo, ikiwa imo katika mkataba, ni halali. Ila usiilipe pale ambapo ulilipa kwa wakati na uzembe ulikuwa wa karani aliyechelewa kuingiza malipo yako. Kwa ajili hiyo tunza ujumbe wa simu wa kila muamala, wala usiufute.

Kabla ya kutia sahihi

Mwuzaji wa intaneti akija dukani na karatasi zake nzuri, msikilize kwa adabu, mkaribishe chai, kisha mwombe ankara ya mfano ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa pili. Ya kwanza itakuwa na gharama za kufungiwa. Ya pili ndiyo itakayokufuata mwaka mzima, na ndiyo ya kuitazama. Mwulize maswali manne, na majibu uyadai kwa maandishi: bei hii kodi imo ndani au iko nje? Iko ada nyingine yoyote ya kila mwezi, hata ya shilingi moja? Bei inaweza kupanda kabla ya mkataba kwisha, na kwa taarifa ya siku ngapi? Nikitaka kuondoka, nitadaiwa nini?

Swali la kwanza ndilo lenye mtego. Sh 150,000 ambayo kodi imo ndani, na Sh 150,000 ambayo kodi iko nje, zinatofautiana kwa Sh 57,090 kila mwezi, na tofauti hiyo hukaa katika neno moja dogo ambalo mwuzaji hulitamka haraka. Katika mkataba, tafuta kifungu kisemacho kwamba kampuni inaweza kuongeza "ada nyinginezo kadiri itakavyoona inafaa". Ukikikuta, omba kifutwe au kiwekewe mpaka. Kikikataa kufutika, walau umekijua adui kabla ya vita.

Ankara ikifika

Usiilipe siku hiyo hiyo. Ichukue na mkataba, uzisome pamoja, na pembeni ya kila mstari andika kwa kalamu ya risasi herufi moja: "S" kwa kilicho na sheria, "M" kwa kilicho na mkataba, na alama ya kuuliza kwa kisicho na chochote. Kisha zidisha bei kwa 1.3806 uone kama jumla inalingana. Tazama kama namba ya utambulisho wa mlipa kodi ya kampuni imeandikwa, na, ikiwa umetozwa VAT, kama namba ya usajili wa VAT ipo. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuitoza kodi hiyo, na hili liwafikie hasa wale wanaougawia mtaa intaneti kutoka dukani kwao na kuongeza "VAT" kwa mdomo. Ukishalipa, dai risiti ya EFD, maana bila hiyo fedha yako imekwenda lakini haijulikani ilikokwenda.

Kwa mwenye biashara iliyosajiliwa kwa VAT, na usajili ni wa lazima mauzo yafikapo Sh milioni 200 kwa mwaka, VAT iliyo katika ankara ya intaneti ya biashara si hasara: huidai katika ritani yake ya mwezi, inayopelekwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi ufuatao kupita. Ushuru wa bidhaa haurudi. Wala ada iliyojiita marejesho ya kodi hairudi. Sisi wadogo tusiosajiliwa tunabeba yote mpaka mwisho, na kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kusoma zaidi.

Ukikuta alama ya kuuliza

Anza kwa simu, kwa upole, kwa kuwa binti anayepokea hakuiweka ada hiyo. Lakini usiishie kwenye simu, kwa sababu maneno ya simu hupeperuka. Andika barua, na iwe fupi. Yangu ilikuwa hivi:

*YAH: ADA YA MAREJESHO YA KODI KATIKA ANKARA YA MWEZI HUU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika ankara niliyopokea kuna ada ya Sh 7,500 ambayo sikuiona katika mkataba wetu. Naomba kuelezwa: (1) ada hii imewekwa na sheria ipi, na kifungu kipi, (2) ikiwa si ya sheria, imo katika kifungu kipi cha mkataba, (3) ikiwa haimo katika chochote, iondolewe, pamoja na kodi zilizotozwa juu yake. Kiasi kisichobishaniwa, Sh 207,090, nimekilipa leo, na nakala ya risiti nimeiambatanisha.*

Sentensi ya mwisho ndiyo ngao. Mwenye kugoma kulipa yote humpa mpinzani kisingizio cha kumkatia huduma, na duka likilala giza mteja hahoji nani ana haki; lakini mwenye kulipa kile anachokikubali na kukibishia kile asichokikubali amekaa upande wa insafu, na kila mwamuzi atakayeletewa jambo hilo ataliona.

Ikiwa jibu halikuja, au limekuja tupu, peleka malalamiko TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, pamoja na nakala ya mkataba, ankara, risiti na barua yako. Taja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kanuni za kuwalinda watumiaji za 2018, ambazo zinamtaka mtoa huduma ampe mteja maelezo ya wazi juu ya huduma na bei yake. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Na ikiwa shaka yako ni juu ya kodi yenyewe, kwamba umetozwa lakini haikufika, basi mlango ni wa Mamlaka ya Mapato, si wa TCRA. Kubisha mlango usiohusika ndiko kunakozeesha malalamiko mengi.

Wazee wa mlima huu hawahitaji kufundishwa haya. Waliokuwa wakipeleka kahawa kwa chama cha msingi, ili kiiuze kupitia chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa 1933, walijua kuuliza kila senti ya makato imekwenda wapi, na karani aliyeshindwa kujibu hakustarehe siku ya mkutano. Sisi watoto wao tunapokea karatasi iliyochapwa na mashine tukadhani mashine haikosei.

Yaliyonipata baada ya barua ile nitayasimulia bila kuyapamba. Ankara iliyofuata haikuwa na ule mstari, wala deni lake. Lakini mkataba ulipokwisha na kuja wa pili, bei ya kifurushi ilikuwa imepanda kutoka Sh 150,000 hadi 157,500. Jirani yangu alicheka akaniuliza nimefaidi nini kwa kelele zote zile. Nikamwonyesha karatasi ya mpinzani wa kampuni ile, aliyekuwa akidai 152,000, nikampigia simu yule yule binti, tukaamkiana, nikamsomea bei hiyo. Na kabla ya magharibi walikuwa wameshuka mpaka 151,000. Kodi, hata ya bandia, mtu huilipa au huikimbia. Bei hupatanwa, na kupatana bei ni kazi tunayoijua.